Paa Jeupe la Mzee Mwangu

Simu ya Mama Zuhura ilinikuta gerejini kwangu Itigi, msasa mkononi na vumbi la faiba kwenye nyusi. Alisema mumewe, Fundi Ntandu, ameaga alfajiri, atazikwa kwao Mungaa jioni ile ile, na gari la maiti litaondoka nyumbani Mandewa, Singida mjini, saa nane mchana. Nilimpa pole. Akasema, "Watani mnasubiriwa. Na wewe zaidi." Nilimjibu kwamba nakuja, nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo ya rangi. Wateja wawili waliokuwa wakingoja tangi lao la maji waliniangalia. Nikawaambia warudi keshokutwa, na kwa sauti niliyoitumia hawakuuliza sababu. Nina miaka hamsini na miwili sasa. Nimeshazika watu wengi, wengine kwa vicheko kama utani unavyotaka, lakini msiba huu niliuogopa. Ndani ya basi, kutoka Itigi hadi Manyoni na kutoka Manyoni hadi Singida, sikumwaza Fundi mzee niliyemtembelea mwaka jana. Nilimwaza Fundi wa mwaka mmoja tu, ule niliofanya kazi kwake, na ndani ya mwaka huo wiki moja, na ndani ya wiki hiyo dakika kama kumi hivi. Dakika hizo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipofika Mandewa kutafuta kazi ya rangi na faiba. Mafundi wengine mjini walikuwa wameshanikataa, wengine kwa upole, mmoja kwa kuniuliza kama nimepotea njia ya saluni. Fundi Ntandu aliniuliza neno moja tu, kabila langu. Nikamwambia mimi Mnyiramba. "Basi ingia," akasema. "Siku ukiharibu kitu nitakuwa na wa kumcheka." Sisi Wanyiramba na wao Wanyaturu ni watani, na Fundi alikuwa mtu wa kuuishi utani kama wengine wanavyoishi dini, ingawa dini nayo hakuiacha. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimemfichia kiatu kimoja siku ya Ijumaa, akaenda msikitini na kandambili za mkewe. Yeye naye aliwaeleza wateja kwamba kaka zangu walinibadilisha na mbuzi, na kwamba akifikiri vizuri, mbuzi alikuwa bora. Hakuna aliyenuna. Sheria ya utani ni hiyo: mtani akichukua chako, akipaka chako matope, unacheka, na siku yako ikifika unalipiza. Kukasirika ni aibu kuliko kupakwa matope.

Gereji yenyewe ilikuwa kiwanja kilichozungushiwa ua wa minyaa mirefu, ile miti yenye utomvu mweupe kama maziwa, banda la mabati katikati, na nyuma nyumba ya Fundi ya vyumba vitatu. Chakula cha mchana tulikula chumba cha mbele, juu ya mkeka, ugali wa uwele na mlenda, na siku ng'ombe wa jirani anapokuwa mkarimu, maziwa ya mgando. Kati ya chumba kile na cha kulala palikuwa na pazia la kanga tu, kwa hiyo hakuna siri ya nyumba ile ambayo sikuisikia nikiwa na tonge mkononi. Hapo hapo mkekani ndipo Fundi alipokuwa akinifundisha. Alisema doa huwa linaulizwa kwanza limetoka wapi, kisha ndipo linaondolewa. La kutu linataka ndimu na chumvi na subira. La mafuta linataka sabuni. La utomvu linataka mafuta, kwa sababu ni ndugu. Ukikosea ukoo wa doa, alisema, unaweza kulisugua mpaka kiyama, na utakachoondoa ni faiba. Faiba ina ngozi ya juu, nyeupe, laini, nyembamba kama ganda la yai. Ukiitoboa ngozi ile umefika kwenye nyuzi, na nyuzi hazirudishiwi weupe wake.

Mwezi wa saba Mzee Mwangu alileta paa la gari lake. Gari lilikuwa Landkruza ya zamani, ile fupi ya milango miwili, ambayo mwili wake ni bati na paa lake ni faiba nyeupe inayofunguliwa kwa bolti. Zilikuwa zimebaki chache sana mkoani, na yeye aliipenda kuliko alivyopenda kusalimiwa, na salamu alizipenda sana. Miaka mingi gari hilo lilibeba mizinga ya nyuki kutoka vichaka vya Itigi, na paa lilikuwa na kila doa la dunia: michirizi ya kutu kutoka kwenye bolti, gundi ya nyuki, asali iliyoungua kwa jua, kinyesi cha njiwa. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi ya tatu ya mwezi na angepelekwa kanisani kwa gari hilo. Fundi alimshauri apake rangi. Mzee Mwangu alikataa katakata, akasema paa likipakwa rangi si paa lake tena, yeye anataka weupe ule ule aliolinunua nao. Kisha akatazama banda, akatazama ua, na kutoka langoni akasema polepole, "Ntandu, kiwanja hiki nimekuachia miaka tisa. Paa langu likipata dosari mikononi mwako, utatafuta kiwanja kingine." Hakuwa akitania. Shangazi yangu aliyekuwa akikaa mtaa wa pili aliniambia kwamba yule mzee alikuwa ameshawahi kumhamisha mpangaji kwa sababu ya mbwa.

Tulilifanyia kazi siku kumi na mbili. Kutu kwa ndimu, gundi ya nyuki kwa mafuta ya alizeti, kinyesi cha njiwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha msasa wa maji wa mwisho kabisa na dawa ya kung'arishia. Ijumaa asubuhi, wiki moja na siku moja kabla ya harusi, paa lilikuwa jeupe juu ya mapipa manne pale uani, na ukilitazama kwa jua ulilazimika kukunja macho. Lilikuwa limebaki jambo moja, kupakwa nta. Bila nta, ngozi ya faiba iliyotoka kusuguliwa iko wazi, inanywa chochote kitakachoiangukia. Haya Fundi alikuwa ameniambia. Nayaeleza hapa ili msinihurumie mapema.

Adhuhuri Fundi alikwenda msikitini, safari hii na viatu vyake vyote viwili. Nilibaki peke yangu na paa lile jeupe na furaha ya kazi iliyokwisha, na nikaona utani mzuri kuliko yote niliyowahi kumfanyia. Mtani ana haki ya kuteka mali. Nilivunja tawi la mnyaa uani, maziwa yake yakatiririka, na kwa ncha ya tawi nikaandika katikati ya paa kwa herufi kubwa: HII NI MALI YA MNYIRAMBA. Maziwa meupe juu ya faiba nyeupe hayakuonekana kabisa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba upepo wa Singida, ambao haujawahi kumkosesha mtu vumbi, ungepita, vumbi lingenata kwenye herufi zile, na Fundi akirudi angekuta paa linasomeka. Tungecheka, ningepitisha kitambaa chenye maji, basi. Nilikulia kando ya minyaa, nilichungia mbuzi kwenye minyaa, kaka zangu walijiandika majina mikononi kwa maziwa ya minyaa. Niliyajua maziwa yale kwa kila kitu isipokuwa hicho kimoja, kwamba juu ya faiba iliyo uchi, kwenye jua la saa saba, yanageuka.

Nilikuwa nakula karanga kivulini nilipoona herufi ya kwanza. Ilikuwa ya njano. Nilikwenda na kitambaa cha maji, nikafuta, haikutikisika. Nikaongeza sabuni. Herufi zote zilikuwa zimejitokeza sasa, za njano, kisha za kahawia kama chai ya rangi, na kadiri nilivyofuta ndivyo zilivyokolea.  Kichwani nilimsikia tena Mzee Mwangu akisema pale langoni, kiwanja kingine, kiwanja kingine. Nikachukua stiliwaya ya Mama Zuhura ya kusugulia sufuria, nami nikiwa nimefundishwa kwa miezi sita kwamba stiliwaya na faiba havikutani, nikasugua kama mwendawazimu. Maandishi yalifutika. Mahali pake palibaki wingu la kahawia lenye ukubwa wa sinia, na ndani yake mikwaruzo. Nililivuta turubai nikalifunika paa, nikamrudishia Mama Zuhura stiliwaya yake jikoni, na Fundi aliporudi jioni nilimwambia nimelifunika kwa sababu ya vumbi. Akanisifu.

Nimeirudia saa ile mara nyingi kuliko sala zangu. Kuandika hakukuwa kosa, au kulikuwa kosa la kijinga tu ambalo Fundi angelisimulia kwenye harusi zote za Ikungi. Kosa lilikuwa kusugua. Maandishi yale yangebaki yalivyo, yangekuwa utani, na utani una mlango wake wa kutokea. Nilipoyafuta niliugeuza utani kuwa uharibifu, na mimi nikajigeuza kutoka mtani kuwa mtu anayeficha. Lakini mtu wa miaka ishirini na mitatu aliyekataliwa na gereji tano hawazi hivyo. Anawaza kwamba kesho ataambiwa afungashe.

Jumamosi asubuhi Fundi aliinua turubai. Hakupiga kelele. Alisimama, akapitisha kidole juu ya wingu lile, akakinusa kidole, akaniuliza, "Mnyiramba, hiki ni nini?" Nikamwambia sijui, labda popo, usiku huwa wanapita wengi. "Popo," akasema. Aliniangalia, kisha akaenda kuleta ndoo. Siku ile nzima alilitibu kama doa la popo: maji ya uvuguvugu, sabuni, magadi yaliyokandwa kama unga, kitambaa kibichi kikilazwa juu na kutolewa. Nami nilikuwa namchotea maji. Kila alipoinua kitambaa nilisali, na kila alipokiinua doa lilikuwa pale pale.

Jumapili nilikwenda kanisani, nikaimba nyimbo zote bila kusikia hata moja, kisha nikaenda kula kwa Fundi kama kawaida. Mama Zuhura aliniwekea chakula mkekani akaingia chumbani. Nilikuwa nimemega tonge la kwanza niliposikia sauti yake nyuma ya pazia. "Popo gani hao wanaokwaruza? Stiliwaya yangu ina unga mweupe. Mwulize huyo binti." Fundi akamjibu kwa sauti ya chini, lakini pazia lilikuwa kanga tu. "Simwulizi. Mtani haulizwi. Anasema mwenyewe." Mama Zuhura akasema, "Na asiposema?" Fundi akasema, "Atasema. Mpe nafasi." Nilimeza tonge lile bila mlenda. Alipotoka aliketi mbele yangu, akanawa, akaniuliza habari za mahubiri, akasubiri. Alikula taratibu kuliko siku zote. Nilimweleza mahubiri. Nilimweleza na matangazo ya kanisa, moja baada ya jingine, na tuliponawa mikono nikamshukuru kwa chakula nikaondoka. Nilikuwa nafahamu kwamba anajua, naye alikuwa amenifungulia mlango, nikapita kando yake. Hilo linanichoma hadi leo.

Kitu kimoja hakukijua. Alijua kwamba mimi ndiye, hakujua nilitumia kitu gani. Jumatatu, akiwa amechoka na maji, alichukua tina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, akalowesha kitambaa na kuanza kulisugua doa kwa nguvu. Jua lilikuwa kali. Utomvu uliokuwa umekauka ukaanza kulainika, nikauona ukitoka na kitambaa, ukiingia kwenye vidole vyake, ukijipaka hadi kwenye kiganja. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake na ndoo mkononi. Kila mtoto wa kwetu anajua amri moja kuhusu minyaa kabla hajajua kuhesabu: usishike jicho. Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua. Fundi akainua mkono, akapangusa jasho usoni kwa kiganja, kutoka paji hadi shavuni.

Alisema "Ah," kidogo tu, akainama. Nilimkimbilia na maji, nikammwagia, akasema si kitu, ni tina, itaisha. Mama Zuhura alitoka jikoni na mikono ya unga. Tulimmwagia ndoo ya kwanza, ya pili. Tina ingekuwa imeshapoa. Hii ilikuwa inazidi. Jicho lilivimba, kope zikafumba zenyewe, na Fundi, ambaye niliwahi kumwona akijing'oa kipande cha bati mguuni huku akiimba, alijishikiza kwenye pipa asianguke. "Tina ya wapi hii," alisema. Nami nilijua. Nilimshika mkono wa kushoto, mkewe wa kulia, tukampeleka kwa miguu kwenye zahanati ya pale jirani, na njia nzima nilijiambia kwamba nitasema tukifika kwenye ule mti, nitasema tukivuka barabara, nitasema mlangoni. Dakika kama kumi hivi. Ndizo hizo.

Tabibu wa zamu alikuwa mama wa makamo mwenye haraka. Alimlaza Fundi kwenye benchi, akamfungua kope, akauliza, "Kimeingia nini?" Fundi akasema tina. Tabibu akageuka kabatini. Chumba kile kilikuwa na ukuta wa kijani hadi kifuani na mweupe juu, na kalenda iliyopitwa na wakati, na nilitazama kalenda ile wakati sauti yangu ikitoka. "Si tina. Ni minyaa." Tabibu akageuka. Mama Zuhura akageuka. Fundi, aliyekuwa amelala chali, akageuza kichwa akanitazama kwa jicho moja zima. "Minyaa?" Tabibu alirudisha alichokuwa ameshika, akamwita mwenzake alete chupa za maji ya dripu, zote. "Na muda wote huo mlikuwa mnangoja nini?" alisema. Walimwosha jicho kwa zaidi ya nusu saa, kisha wakamfunga, wakamwandikia kwenda hospitali ya mkoa. Nje, Mama Zuhura aliketi kwenye ngazi akalia kwa sauti. Alisema laiti wangejua ni minyaa wangemwahi pale pale nyumbani, jirani ana mtoto mchanga, maziwa ya mama ya kumwoshea jicho yangekuwepo, kila mtu hapa anajua. Hakunitaja. Alilia tu huku akisema laiti wangejua.

Jumanne jioni alirudi nyumbani na bandeji. Nilikwenda na nguo zangu zikiwa zimeshafungwa kwenye kitenge, nikauacha mzigo nje ya mlango ili nisimsumbue nao wakati wa kuniambia niondoke. Alikuwa ameketi mkekani, ameegemea ukuta. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akaitikia marahaba. Nikapiga magoti. Hakuniruhusu kumaliza maneno niliyokuwa nimeyapanga. Akaniuliza, "Uliandika nini?" Nilimshangaa. Akasema, "Mtu hapaki minyaa juu ya paa bila kuandika kitu. Mimi nami nimechunga mbuzi. Uliandika nini?" Nikamwambia: Hii ni mali ya Mnyiramba. Midomo yake ilicheza, akataka kucheka, maumivu yakamzuia. Akashika bandeji kwa vidole viwili. "Ungeyaacha," akasema. "Ungeyaacha tu. Ningeyasoma." Ndipo nilipolia, na nililia vibaya, bila adabu, mpaka Mama Zuhura akatoka nyuma ya pazia, akatoka nje, akaurudisha mzigo wangu ndani.

Mzee Mwangu alikuja Jumatano. Alilitembelea paa upande huu na upande ule, akasimama mbele ya wingu la kahawia, akauliza ni nani. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda na jicho lake limefungwa, na nilimwona akivuta pumzi ya kujibu. Safari hii sikumsubiri. "Ni mimi, Mzee. Nilimwandikia Fundi utani kwa minyaa, kisha nikaufuta kwa stiliwaya." Uso wake uliiva. Akaniuliza kama ni kweli mimi Mnyiramba, nikamwambia ndiyo, wa Kiomboi. Alikuwa Mnyaturu naye, hata kama alivaa suti. Nilimwona akitafuta pa kuiweka hasira yake na kukosa. "Mtani hakasirikiwi," alisema mwishowe, na maneno yalimtoka kwa shida. "Lakini Jumamosi saa mbili asubuhi nakuja kuchukua paa. Likiwa hivi, mtani na mwenye kiwanja ni watu wawili, na atakayekuja ni mwenye kiwanja." Akaondoka bila kuaga. Fundi akasema, "Umesikia. Haya, doa umeshaliuliza limetoka wapi. Liondoe."

Yeye hakuligusa. Alikaa kwenye kigoda na kunielekeza, nami nikavaa glovu na miwani ya mtu wa kuchomelea vyuma. Mafuta ya alizeti ya vuguvugu, yakalowesha kitambaa, kitambaa kikalazwa juu ya doa kivulini saa tatu nzima. Utomvu ulilainika ukaanza kuachia. Niliukwangua kwa kipande cha mti, si chuma, nikaosha kwa sabuni, nikarudia. Mpaka Alhamisi mchana kahawia ilikuwa imekwisha, ikabaki mikwaruzo yangu, na hiyo ilikuwa hatari zaidi, maana kuiondoa ni kuipunguza ngozi yenyewe kwa msasa wa maji, na hakuna aliyejua imebaki unene gani. Ukitoboa umetoboa. Nilisugua kwa mduara, nikamwaga maji, nikasugua, mikono ikiwa imekufa ganzi. Fundi alikuwa amefumba na lile jicho zima. Alikuwa anasikiliza. Ijumaa alasiri nilikuwa bado naona uzi mmoja wa mkwaruzo, nikataka kuufuata. "Acha," akasema. "Msasa umeanza kulia. Umefika." Nikamwambia bado kuna kidogo. "Nimesema umefika. Hicho kidogo ni cha dawa ya kung'arishia." Mkono wangu ulitaka kuendelea, ule ule wa Ijumaa iliyopita. Nikauondoa. Nikapaka dawa ya kung'arishia, nikangoja ikauke, nikafuta, na uzi ukawa haupo. Kisha nikapaka nta, mara mbili.

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi Mzee Mwangu alilizunguka paa mara tatu kwa jua la upande. Aliinama. Alipitisha kiganja mahali palipokuwa na wingu, akakosea mahali kwa shibiri nzima, na hapo ndipo nilipojua tumepona. Akasema lifungwe garini. Bibi harusi alipita Mandewa saa nne, akipunga mkono dirishani, na watu wote walimtazama yeye isipokuwa sisi wawili.

Paa lilitakata. Jicho halikutakata. Bandeji ilipofunguliwa palikuwa na utando mweupe, na kwa jicho lile Fundi aliona vivuli tu maisha yake yote. Akawa anainamisha kichwa upande ili aone vizuri, kama mtu anayesikiliza kitu. Kila aliyemuuliza alimwambia ni tina. Alinifundisha hadi mwaka ulipoisha, kisha akaniambia niende Itigi, kule hakuna fundi wa faiba, na yeye mwenyewe akanitumia wateja wa kwanza. Tangu wakati ule nimemtania kila kitu: upara wake, kandambili, ubahili, jinsi alivyokuwa anakoroma hadi kuku wanaamka. Jicho sikuligusa kamwe. Niliamini kwamba huko ni kumheshimu.

Nilifika Mandewa saa saba na nusu. Ule ua wa minyaa umeng'olewa siku nyingi, pana ukuta wa matofali. Watani walikuwa wameshaanza: mama mmoja wa Kinyiramba amejipaka unga usoni na kulala mbele ya lango, anadai maiti haitoki mpaka apewe jogoo. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa zamu. Nilikwenda hadi alipoketi Mama Zuhura katikati ya wanawake, nikamwamkia, nikamshika mikono, na machozi yakaanza. Akanivuta sikio karibu. "Usinililie wewe," alisema. "Mwenzio alikuwa anakulalamikia hadi juzi. Anasema yule Mnyiramba anatania kila kitu, jicho langu amelikataa. Anasema miaka yote hii namsubiri alicheke, niamini kwamba amejisamehe." Akaniachia mikono. 

Nilisimama. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye lori dogo, Kanta iliyokuja na vumbi lote la barabara ya Mungaa, na wanaume walikuwa wanapanda. Niliinamisha kichwa upande, nikafumba jicho moja, nikatembea kuelekea gari kwa mwendo wake, mikono nyuma, nikilikagua kutoka kwenye taa hadi kwenye tairi. Nilimsikia mtu wa kwanza akicheka, kisha wengi, kisha Mama Zuhura mwenyewe, kicheko kilichokatika katikati. Kwenye mlango wa Kanta niliinama, nikauchunguza, nikainua kidole, na juu ya vumbi nikaandika kwa herufi kubwa: HII NI MALI YA MNYIRAMBA. Herufi zilikaa upande.

Dereva, mtu mzima na mstaarabu, alishuka na kitambaa akitaka kusafisha mlango kabla ya safari. Mama Zuhura alishamfikia. Akamshika kiwiko. "Acha," alisema. "Ayasome." Dereva akakunja kitambaa akakitia mfukoni, akapanda, akawasha gari. Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Tulibaki langoni, nami nilifumbua jicho langu nikaitazama Kanta ikishika barabara ya Mungaa, na maandishi yangu mlangoni, yote, hadi sikuweza tena kuyasoma.